Sixers, goti la Embiid na gumzo la ukoo

*Kikundi: UKOO WA ISANGA NA TUKUYU, Mei 13, 2025*

Lusajo: Ugonile wote. Wakubwa shikamooni. Droo ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, imechezeshwa usiku huu, saa nane na kitu. Tumetoka namba tatu!! Sixers wa Philadelphia tumepona 🙏🙏

Baba Mkubwa: Marahaba. Mmepona nini? Si ndiyo hao Sixers wako uliosema wamefungwa mpaka aibu?

Lusajo: Mechi 82, tumeshinda 24, tumefungwa 58. Msimu wa nyuma yake tulishinda 47.

Gwamaka: "Tumeshinda" wewe na nani? Uko Isanga umejifunika blanketi mbili unamaliza bando la mama yako 😂😂

Mama Lusajo: Kumbe ndiko linakoishia.

Lusajo: Gwamaka we ni msaliti.

Shangazi Tusa: Habari za asubuhi. Huku Tukuyu mvua haijakata. Aliyetuma mchango wa harusi ya Neema bila kuandika jina ajitaje, nisije nikamwandika mwingine.

Baba Mkubwa: Nimeuliza, namba tatu ya nini?

Lusajo: Huku NBA hakuna kushuka daraja, Baba Mkubwa. Timu zilizokosa mtoano zinaingia kwenye droo, na droo ndiyo inapanga nani aanze kuchagua chipukizi wapya. Ukiwa umefungwa sana, nafasi yako ya kutoka juu inakuwa kubwa.

Baba Mkubwa: Yaani unafungwa halafu unapewa zawadi?

Lusajo: Ndiyo utaratibu wenyewe.

Baba Mkubwa: KenGold wameshika mkia Ligi Kuu yetu ya soka, wanashuka. Mbeya City ilishuka 2023, ikasota huko chini misimu miwili ndipo ikapanda. Hakuna mtu aliyekuja Sokoine kutuambia karibuni mchague mnayemtaka. Hao Wamarekani wanacheza.

Gwamaka: Mwambie na ile ya Oklahoma.

Lusajo: Hiyo zamu yetu viongozi waliitoa kwa Oklahoma City tangu 2020, kwenye biashara ya kumwondoa mchezaji Al Horford. Sharti likawa hivi: ikitoka ndani ya sita za kwanza inabaki kwetu, ikitoka ya saba kushuka chini inakwenda kwao. Ndiyo maana sikulala.

Baba Mkubwa: Kwa hiyo mwishoni mwa msimu mlikuwa mnaomba mfungwe.

Lusajo: Tulikuwa tunafungwa tu, hata kuomba hakukuwa na haja.

Atupele: 😂😂😂 nimecheka wodini, mgonjwa ananishangaa

Gwamaka: Ila tuseme ukweli, ilikuwa bahati mbaya. Nyota wao watatu wameumia: Embiid kacheza mechi 19. Paul George 41. Maxey 52. Wote watatu wameonekana pamoja uwanjani mechi 15. Kocha Nick Nurse alichukua ubingwa na Toronto 2019, sasa hapo afanye nini? Acheze yeye?

Atupele: Bahati mbaya ni ya yule mtoto McCain. Ndiyo kwanza anaingia ligi, anafunga vizuri, Desemba goti likachanika. Hiyo nakubali, hakuna aliyeiona inakuja. Embiid ni habari nyingine. Februari 2024 kapasuliwa goti la kushoto, gegedu. Kiangazi kaenda Olimpiki Paris. Septemba klabu inamwongezea miaka mitatu, karibu dola milioni 193! Goti bado halijakaa sawa.

Lusajo: Alikuwa mchezaji bora wa ligi 2023, Atu. Ungemwacha aondoke?

Atupele: Sijasema aondoke. Mkataba wake wa zamani ulikuwa bado upo, haraka ya nini? Nakaa na wagonjwa wa magoti kila siku. Gegedu ni kama mto wa kukalia katikati ya mifupa miwili, ukishapasuka na kukatwa hauoti upya. Mtu ana mita 2.13, kilo zaidi ya 120, anaruka na kutua kwenye goti hilohilo. Halafu mwaka huohuo mnamchukua George, miaka 34, dola milioni 212 kwa miaka minne, naye ana historia yake ya majeraha. Hiyo siyo bahati mbaya, hiyo ni kamari.

Gwamaka: Daah.

Lusajo: Atu ana miwani ya kuona nyuma 🙄

Atupele: Novemba nilikuandikia humuhumu, mlipokuwa mmeshinda tatu na kufungwa 14. Pandisha juu usome.

Mama Lusajo: Aliandika. Nakumbuka.

Shangazi Tusa: Huyo Embiid si Mkameruni? Mbona Olimpiki kachezea Marekani?

Lusajo: Wa Yaoundé, Shangazi. Kapewa uraia wa Marekani na wa Ufaransa, akachagua Marekani. Karudi na dhahabu.

Shangazi Tusa: Na goti bovu. Haya. Bado nasubiri jina.

Gwamaka: Ni mimi Shangazi, samahani, nilitumia laini ya jirani.

Shangazi Tusa: Ndaga fijo mwanangu.

Baba Mkubwa: Mimi hiyo namba tatu hainipi presha. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa namba mbili 2009, Memphis. Curry alikuja kuitwa namba saba. Leo nani anajulikana?

Lusajo: Embiid mwenyewe alichaguliwa namba tatu, Baba Mkubwa! 2014!

Atupele: Na misimu miwili ya kwanza hakucheza hata mechi moja. Mguu.

Gwamaka: 💀💀💀

Lusajo: Basi nimenyamaza.

Baba Mkubwa: Usinyamaze. Ubingwa wao wa mwisho lini?

Lusajo: 1983.

Baba Mkubwa: Enzi za Julius Erving! Mimi kijana, nywele zipo. Na baada ya hapo?

Lusajo: Fainali ya 2001 na Iverson. Basi.

Baba Mkubwa: Hao chipukizi wanachaguliwa lini?

Lusajo: Juni 25 usiku wa kwao. Kwetu inakuwa tarehe 26, saa tisa alfajiri.

Mama Lusajo: Siku hiyo simu inalala chumbani kwangu.

Baba Mkubwa: Aje kwangu, nina king'amuzi.

Mama Lusajo: Shemeji!!

Baba Mkubwa: Aje na blanketi lake.