Kanga za bibi tuzifanyeje?

Mjukuu wa Temeke: Habari zenu wapendwa. Bibi mzaa mama alifariki mwezi uliopita. Ameacha sanduku la kanga, doti 31, nyingine hata hazijakatwa wala kupindwa. Ile yenye jina "Wema hauozi" babu alimletea siku mama yangu alipozaliwa. Nyingine, ya korosho, ndiyo aliyokuwa akijifunga alfajiri akichoma vitumbua. Mpaka sasa inanukia iliki na moshi wa mkaa. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyosomesha watoto sita. Jana nimemkuta babu kakaa kitandani ameishika, hasemi neno. Mama wadogo wanataka zigawanywe, mimi natamani zibaki pamoja. Nyie mlifanyaje?

Mama Mbagala: Pole sana mwanangu. Kama ni Waislamu, nguo nazo ni mirathi, na babu yako ni mrithi. Mwacheni achague kwanza.

Kaka wa Ilala: Hiyo ya vitumbua MSIIFUE! Za mama yetu tulifua zote siku ya pili. Harufu yake ikaondoka, naumia mpaka leo.

Shangazi: Piga picha kila doti, jina lionekane, muulize babu kisa chake uandike. Sandukuni tia karafuu.

Mjukuu wa Temeke: Asanteni sana. Nimemuuliza leo baada ya magharibi. "Wema hauozi" kampa mama. Ya korosho anailalia, kaikunja chini ya mto. Zilizobaki kasema wagawane, ila kwanza tukae naye anisimulie moja moja. Tumefika ya nne.