Tupeane uzoefu: filamu ya viumbe wa anga iliyokufanya usahau kuwa ni filamu

Nyota ya Jaha
Wakuu, jana usiku nimetoka kutazama ile filamu mpya ya viumbe wa anga inayozungumzwa kila kona. Kisa sikisimulii, wapo ambao hawajaiona. Nataka kuwaambia kilichotokea ukumbini, maana mpaka sasa hakijanitoka.

Kuna mahali chombo kinatua, mlango unafunguka taratibu, muziki unakatika. Ukumbi wote ukawa kimya, nikasikia mpaka feni ya projekta kule nyuma. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mtu mzima, hatujuani, hata salamu hatukupeana. Akanishika kiganja, akakibana. Hakuniangalia, nami sikumwangalia. Tukakaa hivyo mpaka kile kiumbe kilipoonekana chote, ndipo akaniachia na kusema, "Samahani mwanangu." Nikamwambia hakuna neno, mama. Taa zilipowaka alikuwa ameshaondoka.

Miaka yote natazama filamu hizi peke yangu kwenye simu, na nilishajiaminisha kwamba kwenda ukumbini ni kupoteza muda. Jana nimegeuka. Naomba tupeane uzoefu: ni filamu gani ya viumbe wa anga iliwahi kukushika, na waliokuwa karibu yako walifanyaje? Waliolia, waliocheka, waliokimbia, karibuni.

Dira
Hapo kwenye kiganja umenipata. Shusha na nyingine mkuu.

Kiguu na Njia
Mimi ni Alien ya mwaka 1979. Nilikuwa mdogo, kaka yangu aliiweka usiku akidhani nimeshalala. Nikawa nachungulia mlangoni. Wale watu wako mezani wanakula na kucheka, mmoja akapaliwa, wakamlaza juu ya meza, kifua kikapasuka. Kaka, ambaye mchana kutwa alikuwa hajui kuogopa kitu, akaruka nyuma ya kochi. Alipoinua kichwa akaniona. Tukatazamana. Hakuna aliyemsemea mwenzake kwa mama mpaka leo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba waigizaji walijua kuna kitu kitatoka, ila hawakuambiwa damu itaruka kiasi gani. Ule mshtuko wa Veronica Cartwright damu ilipomrukia usoni ni wa kweli kabisa. Kilichonipunguzia hofu ni kumjua aliyekuwa ndani ya lile vazi la kutisha: Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria, mwanafunzi wa sanaa London, mrefu wa kupita mita 2. Sasa kila lile dude likijikunjua gizani najiambia, huyo ni Bolaji, ndugu yetu. Hofu inapungua. Kuisha haiishi.

Sauti ya Zege
Kumbe ni Mwafrika! Leo nairudia.

Mama Wawili
Mdogo wangu wa kike ni kiziwi tangu ana miaka miwili. Yeye husema nusu ya filamu iko kwenye skrini na nusu iko kwenye nyuso za watu. Mwaka 2018 nilimpeleka kutazama A Quiet Place, ile ya viumbe wasioona wanaowinda kwa kusikia. Ndani yake kuna msichana kiziwi, na aliyemwigiza, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli. Familia nzima inazungumza kwa ishara. Mdogo wangu aliinama mbele tangu dakika ya kwanza na hakuegemea tena.

Mbele yetu alikaa jamaa na mfuko wa bisi. Akachukua moja, akaifikisha mdomoni, akasita, akairudisha mfukoni polepole kama aliyeiiba. Mdogo wangu akanigusa bega, akauliza kwa ishara: "Mbona wameacha kula?" Nikamjibu: "Wanaogopa kusikika." Alicheka! Alicheka kwa sauti yake ile asiyoujua ukubwa wake, katikati ya ukumbi ambao hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Watu wakageuka, moyo wangu ukaenda mbio. Halafu yule wa bisi naye akacheka, safu yote ikafuata.

Tukiwa njiani akaniambia ndiyo filamu ya kwanza aliyoielewa kabla yangu.

Dira
Dada, hii ifungiwe kwenye fremu.

Bwana Kanuni
Nasikia raha kusoma, lakini tuseme ukweli, filamu hizi zinatuchukulia sisi hatukwenda shule. Vyombo vinalipuka angani kwa kishindo, wakati huko hakuna hewa ya kubeba sauti. Na Signs ya 2002 ndiyo iliyonimaliza. Viumbe wanaounguzwa na maji wanakuja kuvamia sayari ambayo kiasi cha asilimia 70 ya uso wake ni maji! Nilisimama nikatoka.

Sauti ya Zege
Ulitoka ukakosa sehemu nzuri. Na sisi binadamu si tulikwenda mwezini mwaka 1969, mahali pasipo na hewa hata chembe?

Bwana Kanuni
Tulivaa mavazi mkuu. Wale walikuja uchi.

Sauti ya Zege
Labda walikuwa na haraka.

Bwana Kanuni
Nazungumza jambo la maana, wewe unaleta utani.

Babu wa Redio
Msigombane wajukuu. Ninyi mnazungumzia picha, zamani sauti tupu ilitosha. Tarehe 30 Oktoba 1938 huko Marekani, Orson Welles aliigiza redioni uvamizi wa viumbe kutoka Mirihi. Aliutoa kama taarifa ya habari inayokatiza muziki. Simu za polisi zikaita, nchi nzima ikakimbia.

Bwana Kanuni
Shikamoo babu. Nchi nzima haikukimbia, magazeti yalitia chumvi. Wasikilizaji wengi usiku ule walikuwa wamefungulia kipindi kingine.

Babu wa Redio
Marahaba. Ya Marekani nakuachia. Sasa nenda Quito, Ekuado, Februari 1949. Redio ya pale ilitoa mchezo uleule kwa Kihispania. Watu wakamiminika mitaani. Walipoambiwa ni mchezo, hasira ikawapanda, wakalichoma moto jengo la redio na watu wakafia humo. Hiyo nayo ni chumvi?

Bwana Kanuni
Hapo nanyamaza, babu.

Msomaji Kimya
Huwa nasoma tu, siandiki. Bandiko la yule mama aliyeshika mkono limenirudisha mbali, acha niseme.

Miaka sita iliyopita nilikwenda kutazama filamu ya viumbe wa anga na mdogo wangu wa kiume, wakati huo ana miaka 16. Mzima wa afya, hajawahi kulazwa. Tulikaa safu ya tatu toka mbele kwa sababu yeye ndiye aliyeitaka. Karibu na mwisho chombo kikubwa kinashuka, kinamulika mji, mwanga mweupe unawaka na kuzima, unawaka na kuzima, haraka haraka. Nikasikia amepiga ukelele. Nikadhani ni woga, nikacheka. Waliokuwa nyuma nao wakacheka.

Nilipomgeukia alikuwa amekakamaa kama ubao, macho yako juu, kisha akaanza kutikisika. Kila mwanga ulipowaka niliuona uso wake, ukizima simwoni. Namwona, simwoni. Midomo imebadilika rangi. Nikapiga kelele nikiomba wazime filamu, lakini kelele zangu zilimezwa na zile za kwenye filamu. Kuna mtu alisema, "Kijana anaigiza vizuri." Mwingine aliwasha simu akaanza kurekodi. Mwingine, naamini kwa nia njema, akamkaba taya akamchomeka ufunguo mdomoni, jino likavunjika. Filamu haikuzimwa. Wahusika wa ukumbi walikuja taa zilipowaka zenyewe, mwishoni.

Aliyetuokoa ni dada mmoja aliyeruka viti kutoka safu za nyuma. Alimsukuma yule wa ufunguo, akatandaza koti lake chini ya kichwa cha mdogo wangu, akamfunika macho dhidi ya ule mwanga kwa mwili wake mwenyewe, akanionyesha saa yake: "Hesabu." Nikahesabu. Mtikisiko ulipokoma akamlaza ubavu, akawa anamwambia jina lake na mahali alipo. Dakika mbili na nusu. Hakuna jambo nililowahi kulihesabu likawa refu namna ile.

Hospitali wakatuambia ni kifafa kinachoamshwa na mwanga. Tangu siku hiyo hatujaingia ukumbini, na ule mwisho wa filamu hatuujui. Ninachojilaumu ni kile kicheko changu.

Nyota ya Jaha
Mkuu, pole sana. Usijilaumu, wewe na giza mngejuaje.

Kiguu na Njia
Aliyerekodi angenikuta mimi!

Tai wa Asubuhi
Hiyo ni degedege. Siku nyingine mwagieni maji ya baridi usoni na mumwekee kijiko asijing'ate ulimi.

Zamu ya Usiku
Kijiko hapana! Maji hapana! Mimi ni muuguzi, naomba hili lisomwe na kila anayepita hapa. Degedege ni ya watoto wadogo wenye homa. Huyu ana kifafa. Usimwekee kitu chochote mdomoni, mnavunja meno na mnaweza kumziba pumzi. Msimkandamize. Ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, tazameni saa. Mtikisiko ukikoma mlazeni ubavu. Ukipita dakika 5, au ukikoma na kuanza tena kabla hajazinduka, ita msaada wa haraka. Dada yule alifanya kila kitu sawasawa.

Tai wa Asubuhi
Sisi tulifundishwa kijiko tangu utotoni.

Zamu ya Usiku
Wengi tulifundishwa hivyo. Tuache.

Dira
Kwa hiyo mwanga ukianza kumulika, tufumbe macho?

Zamu ya Usiku
Kwa wenye tatizo hili, kufumba tu hakutoshi, mwanga unapenya kope. Azibe jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuze uso. Mwanga wa kuwaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndio wenye hatari zaidi. Na si watu wengi: katika kila wagonjwa 100 wa kifafa, kama 3 tu ndio huamshwa na mwanga. Ila mara nyingi mtu hujua kwa mara ya kwanza kwamba analo kwa njia hiyohiyo aliyoisimulia Msomaji. Japani, Desemba 1997, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali kwa sababu ya kipindi kimoja cha katuni chenye mwanga wa namna hiyo.

Bwana Kanuni
Jamani, mada ilikuwa filamu, imegeuka wodi.

Mama Wawili
Acha igeuke. Kuna mtu hapa atamwokoa mtu mwaka huu.

Bwana Kanuni
Umenishinda dada. Samahani, Msomaji.

Kamusi Hai
Mimi nafundisha lugha, nawarudisha angani kidogo. Niliguswa na Arrival ya mwaka 2016. Viumbe wenye miguu saba wamekuja, na anayeitwa kwenda kuonana nao ni mwanamke mtaalamu wa lugha, na ubao wake mweupe mkononi. Wao huandika kwa duara, sentensi nzima kwa mara moja, kama wino uliomwagika ukakubali kuwa maana. Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa ananung'unika: "Wataanza lini kupigana?" Nami nalia, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku: kumwonyesha mtu neno na kusubiri kama atalipokea.

Nilivyofika nyumbani nikaanza kusoma habari za Voyager, vile vyombo viwili vilivyorushwa mwaka 1977. Kila kimoja kina rekodi ya dhahabu yenye salamu kwa viumbe wa mbali katika lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kisotho kimo. Kiswahili hakimo.

Sauti ya Zege
HAKIMO?

Kamusi Hai
Nimepekua orodha mara tatu. Hakimo.

Tai wa Asubuhi
Sasa wakija watatusalimia kwa Kiganda. Tuanze kutafuta mkalimani mapema.

Babu wa Redio
Mgeni husalimiwa na mwenyeji. Sisi tutawaambia karibuni.

Msomaji Kimya
Wakuu, ahsanteni. Nimempa mdogo wangu simu amesoma kila kitu, mpaka ugomvi wa maji. Ana miaka 22 sasa, anameza dawa zake, mwaka wa pili huu hajaanguka. Amesoma pale nilipoandika kwamba nilicheka. Ameniambia hakumbuki kicheko chochote, anachokumbuka ni jina lake linaitwa. Halafu ameniuliza: kile chombo kilitua?

Kiguu na Njia
Naijua hiyo filamu. Nimwambie?

Mama Wawili
Usithubutu! Waitazame wenyewe.

Zamu ya Usiku
Azungumze kwanza na daktari wake. Akiruhusiwa, nyumbani, mchana, taa ikiwa imewashwa, akae mbali na skrini. Ikifika sehemu ya ule mwanga, kiganja kwenye jicho, ageuze uso. Umsimulie wewe mpaka upite.

Msomaji Kimya
Kliniki ni Alhamisi. Akikubaliwa, Jumamosi tunaitazama. Nimeshaitazama ile sehemu peke yangu leo, nimeandika dakika inapoanza na inapoisha.