LPN au RN? Mi nesi wa cheti, nko Tanga, mume kachaguliwa DV

Binti_Makorora
Habari zenu wadau, naomba mawazo yenu maana usingizi sipati. Mi nesi wa cheti, nilisoma miaka miwili, leseni ya Baraza la wauguzi ninayo na huu mwaka wa nne nko zahanati moja njia ya Pangani, nazalisha, nachanja, usiku nabaki na mhudumu mmoja tu. Sasa mume wangu kachaguliwa bahati nasibu ya viza ya Marekani, usaili tunasubiri. Wifi yangu yuko kule anasema nikifika nikamate LPN, yaani nesi wa ngazi ya chini kule, mwaka mmoja tu naingia kazini. Mwenzake anasema LPN kazi inayokufa, nisome RN, nesi msajiliwa wa ngazi ya juu, moja kwa moja. Nina watoto wawili, mdogo ndo kwanza kaachishwa ziwa. Kazi za LPN zipo kweli au naenda kukaa?

Kaka_Muheza
Dada mwache shemeji atangulie, we maliza stashahada hapahapa, utoke ukiwa RN kamili. Haraka ya nini?

Sista_Columbus
Kaka nakuheshimu ila hapo umempoteza. Viza za DV za mke na watoto zinatoka ndani ya mwaka uleule wa fedha wa kwao, ikifika 30 Septemba basi, akibaki nyuma, mume itabidi amuombee upya na foleni ile ni ya miaka. Mdogo wangu ondokeni pamoja.

Mi mtoto wa Chumbageni, nilikuja huku 2014 na cheti kama chako. Cha kwanza ujue, wanaohakiki vyeti vya nje wanatugawa mafungu mawili, wa stashahada na digrii daraja la kwanza ndo wanaofikiriwa mtihani wa leseni wa RN, NCLEX-RN, sisi wa cheti daraja la pili tunaangukia NCLEX-PN, yaani LPN. Kwa hiyo hata ukitaka RN kwa cheti hichohicho hupati mpaka urudi darasani. Na kila jimbo lina baraza lake, lingine litakuruhusu ufanye mtihani wa LPN kwa masomo yako ya nyumbani, lingine litakwambia anza upya, waulize kabla hujalipa ada ya chuo chochote nakuomba sana.

Kazi zipo. Mi nilipata wiki ya pili baada ya leseni. Ila zipo wapi? Nyumba za wazee kwa wingi, na kuhudumia wagonjwa majumbani, na kliniki. Hospitali kubwa wanataka RN, tena siku hizi RN mwenye digrii. Saa moja asubuhi nilikuwa nasukuma kabati la dawa la magurudumu, wazee 28, kila mtu na vidonge vyake, kuna bibi mmoja hamezi mpaka nimsagie nichanganye na rojo la tufaha tena kwa kijiko chake cha bluu, huku kengele zinalia vyumba vitatu. Siku moja babu mmoja homa imempanda, mshipa nauona kabisa, mkono huu umeshatundika dripu sijui mara ngapi Tanga, lakini utaratibu wa pale dawa ya mshipani mpaka RN, na RN yuko jengo la pili. Nikasimama na trei mkononi nikimfuta jasho. Iliniuma jamani. Wiki ileile nikachukua fomu ya kozi ya kutoka LPN kwenda RN, nikasoma jioni na wikiendi mwaka na nusu, mwajiri akachangia ada.

Pesa nazo hazilingani, takwimu za serikali ya huku za Mei 2024 mshahara wa katikati wa RN ni dola 93,600 kwa mwaka, wa LPN dola 62,340. LPN haifi, wazee huku wanaongezeka kila mwaka, ila utazunguka palepale, unatoka nyumba ya wazee hii unaingia ile. Ingia nayo ilipe kodi na chakula, lakini fomu ya RN ichukue mapema kabla ovataimu hazijakunogea.

Nesi_Mstaafu_Raskazone
Mwanangu, ya huko sina neno, ya karatasi nayajua. Kabla hujapanda ndege nenda chuo chako, omba matokeo yanayoonyesha masaa ya darasani na ya wodini kwa kila somo, na waambie wahakiki wanataka chuo chenyewe kitume, sio wewe ubebe mkononi. Baraza nao wathibitishe leseni yako, usiiache ikaisha. Na majina! Nimeona binti cheti chake kina herufi H pasipoti haina, kahangaika karibu mwaka mzima.

Kaka_Muheza
Nimeelewa dada Columbus, samahani. Na sisi tusio na DV? Mke wangu ana stashahada.

Sista_Columbus
Hapo stashahada ndo inamuokoa. Akiwa RN, mwajiri anaweza kumuombea makazi ya kudumu bila kwanza kuthibitisha kwamba kakosa Mmarekani wa kazi hiyo, serikali ilishakubali manesi hawatoshi. LPN hayumo kwenye nafuu hiyo. Foleni ndefu lakini njia ipo.

Binti_Makorora
Mungu awalipe, machozi yamenitoka. Shikamoo bibi, kesho nikitoka zamu saa nane napanda daladala moja kwa moja chuoni. Dada, hiyo kozi ya jioni watoto ulimwachia nani?

Sista_Columbus
Baba yao. Yeye zamu ya usiku, mi mchana, siku za darasa namkabidhi mtoto mlangoni nakimbilia basi, miezi 18. Hilo kaeni muongee nae sasa hivi, kabla ya usaili.