Historia ya klabu ya kina mama Maendeleo huku Nyeri: nianzie wapi, na kuna ya kuruka?

Mjukuu_Tetu
Hamjambo wadau. Klabu ya kina mama ya hapa senta yetu, upande wa Tetu, wanataka kijitabu cha historia yao, kurasa chache tu za kugawa siku ya mkutano wa mwaka, na kwa sababu mimi ndiye niko na laptopu basi nikatupiwa hiyo kazi. Kuanzia mambo ya mabati kuja mbele wanakumbuka vizuri sana, nani aliezekewa kwanza, nasari ilijengwaje, nani alitoroka na pesa za chama (hiyo ndio wanaikumbuka kuliko zote 😂). Lakini ukiuliza klabu ilianza lini na nani aliianzisha, kila mtu anaangalia kando. Mmoja kaniambia andika tu ilianza na uhuru, inatosha. Sasa shosho yangu, ambaye amepita miaka tisini, anasema alijiunga wakiwa kwa kijiji cha emajensi, uhuru bado kabisa, na kulikuwa na mama mzungu alikuwa anakuja kukagua sweta walizofuma. Kuna anayejua hizi klabu zilianzaje? Na mngekuwa nyinyi mngeandika hiyo ama mngeiruka?

Mwalimu_Mstaafu
Mjukuu, shosho yako yuko sawa. Maendeleo ya Wanawake, shirika lenye hizi klabu, ilianzishwa 1952 na serikali ya mkoloni yenyewe kupitia idara ya maendeleo ya jamii, na Oktoba ya mwaka huohuo ndio hali ya hatari, hiyo emajensi, ikatangazwa kupambana na Mau Mau, wapiganaji wa uhuru. Viongozi wa klabu walikuwa wanapelekwa kozi Jeanes School pale Kabete, ile sasa ni Kenya School of Government, wanafunzwa kushona, kupika, usafi wa nyumba na malezi ya watoto, kisha wanarudi kufundisha wenzao. Huko juu walioshika usukani ni wake wa kizungu, mpaka 1958 ndipo Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa hilo shirika. Ndiye yule baadaye alikuwa mbunge wa Karachuonyo.

Kuhusu kuangalia kando, hiyo sio siri kwa mtu wa umri wangu. Kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni 1 huku kati walitolewa mashambani wakawekwa vijijini, mitaro na miiba pande zote, na sababu kubwa ilikuwa kuwazuia kina mama wasipelekee Mau Mau chakula msituni. Klabu ilikuwa ndani ya huo mpango. Kujiunga kulichukuliwa kama umetupa kiapo cha Mau Mau, na kuna mahali mwanachama alipunguziwa kazi ya lazima. Sasa jirani ambaye bwana yake amefungwa kambi ya Manyani akikuona unaenda klabu na sindano zako za kufuma, unadhani mlisalimiana vipi?

Wa_Othaya
Mwalimu umesema polepole sana, wacha mimi niseme wazi. Zilikuwa klabu za mahomgadi, wale wenyeji waliobeba silaha upande wa mkoloni, na mabibi zao. Mamangu alichimba mtaro na mtoto mgongoni na wengine wako kivulini na nyuzi. Leo tuchapishe kijitabu na picha za rangi, ati huduma kwa jamii. Huduma kwa nani?

Nya_Kirinyaga
Wa Othaya pole kwa mamako, hakuna mtu hapa anapinga hilo. Lakini sio wote waliokuwa kwa klabu walikuwa wa homgadi. Ndani ya hivyo vijiji watoto walikuwa wanakufa njaa, shamba hufiki kwa sababu ya kafyu, na waliokuwa wanapika supu na kugawa maziwa ya unga pamoja na watu wa Msalaba Mwekundu ni kina mama wa klabu. Mama mwenye mtoto amevimba miguu angesema nini, sitaki maziwa ya mkoloni? Alijiandikisha na kunyamaza. Wengine waliandikishwa ili tu wapate pasi ya kukutana na wenzao bila askari kuuliza mnapanga nini. Mimi ningeandika yote mawili kwa ukurasa mmoja, mtaro na supu.

Na Mjukuu usipitie mabati mbiombio, hapo ndipo utamu ulipo! Miaka ya sitini, uhuru umekuja, mzungu amerudi kwao, hizo klabu zingekufa tu. Badala yake kina mama wa Nyeri walichukua ule utaratibu, mwenyekiti, sekretari, mweka hazina, daftari, wakaacha keki wakashika mabati. Wanaenda kundi zima kulimia mtu ama kumchumia kahawa, wanalipwa pamoja, pesa inaingia kwa kasha, ikitosha wananunua mabati ya nyumba ya mmoja, halafu zamu ya mwingine. Ukikosa kulima unapigwa faini. Na mtu asikwambie ilikuwa ya kujionyesha. Paa la nyasi halikupi maji safi ya kunywa, lakini la mabati ukiliwekea mfereji na pipa chini, ile safari ya mtoni na mtungi mgongoni inapungua. Mabati yakiisha kundi likaingia kwa ng'ombe wa gredi, matangi, shule za nasari. Waulize wakupe bei ya bati moja wakati huo, utashangaa wanavyoikumbuka mpaka senti.

Mwalimu_Mstaafu
Nya Kirinyaga umenena. Niongeze siasa kidogo, maana hata hiyo wataruka. 1987 Maendeleo ilishikanishwa na KANU, chama tawala wakati huo, ikaitwa KANU-Maendeleo ya Wanawake, na ndoa yenyewe ilidumu mpaka vyama vingi viliporudi. Vikundi vingi vya mashinani vilijitenga kimyakimya hapo, vikabaki na mabati na meri-go-raundi zao, zile za kuchanga pesa na kupeana kwa zamu. Chunguza daftari la klabu miaka hiyo, ukiona wanachama wamepungua ghafla usidhani walikufa.

Mjukuu_Tetu
Asanteni sana, Wa Othaya pia, sijakasirika. Nimemsomea shosho hapa jikoni akacheka, akasema yeye bwana yake alikuwa Manyani NA alikuwa kwa klabu, na maziwa aliyopewa aligawana na mke wa jirani aliyekataa kuandikishwa. Nikamuuliza mbona hujawahi sema, akaniambia hamkuuliza. Basi hiyo inaingia, na jina la jirani siweki. Mwenyekiti atapiga kelele, nitamwambia ajitafutie laptopu yake. Sasa karatasi za zamani nitazipata wapi? Daftari la kwanza lililiwa na mchwa.

Wa_Othaya
Huyo shosho yako mpe salamu zangu. Karatasi ziko Nyaraka za Taifa, Moi Avenue Nairobi, lile jumba la zamani la National Bank of India. Beba kitambulisho, kuna ada ndogo ya kuingia kusoma. Usiulize "klabu yetu", watakuangalia tu. Uliza ripoti za mwaka za wilaya ya Nyeri, 1953 hadi 1960, na za maendeleo ya jamii. Hizo za uhuru kuja hivi, anzia ofisi ya huduma za jamii hapo Nyeri, chama kikishasajiliwa faili inakuwa huko. Ukipata orodha ya waliopunguziwa kazi ya mtaro nitumie inboksi, kuna majina nataka kuangalia.