Vipimo vya chakula cha kupika kwa German Shepherd wa kilo 30

Lango_Jeusi
Wakuu, naomba vipimo. Mbwa ni German Shepherd dume, miaka 3, kilo 30, amehasiwa, analinda usiku. Anakula mara moja kwa siku, jioni: ugali wa dona, dagaa wa Mwanza konzi moja, na mchuzi unaobaki nyumbani. Anashiba vizuri, ila manyoya yamefifia, ana magamba pembeni mwa macho na mdomoni, na choo ni kingi halafu laini. Chakula cha mfuko kwa mbwa wa ukubwa huu sikiwezi kila mwezi. Nataka kuendelea kumpikia, ila kwa kipimo. Nitoe nini, niongeze nini?

Mzee_wa_Banda
Mkuu, weka pumba badala ya dona, changanya na damu ya machinjioni, chemsha. Bei chee. Mbwa wa mtaa mzima wanaishi hivyo.

DaktariWaKijiwe
Hapana kwa pumba, na sababu naieleza hapa chini.

Kwanza ngozi. Magamba ya machoni na mdomoni yanaweza kuwa ukurutu wa utitiri, na huo hauponi kwa chakula. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akwanguliwe ngozi, iangaliwe kwa hadubini. Utitiri usipoonekana, mshukiwa anayefuata kwa mbwa anayeishi kwa dona ni upungufu wa zinki. Ganda la mahindi lina faiteti nyingi, nayo huishika zinki tumboni isifyonzwe. Pumba ndiyo ganda lenyewe. Dona inatufaa sisi watu. Kwa mbwa huyu tumia sembe au mchele.

Mchuzi ukome leo. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kupika hakuondoi sumu hiyo. Gramu 15 za kitunguu maji kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zinaweza kutosha kumdhuru, na kidogo kidogo cha kila siku nacho kina madhara yake.

Sasa nguvu anayohitaji. Chukua kikokotoo: zidisha uzito wake mara tatu (30 × 30 × 30 = 27,000), tafuta kipeuo cha pili, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo. Utapata 12.8. Zidisha kwa 70, halafu kwa 1.6 kwa kuwa amehasiwa. Inakuja kama kilokalori 1,430 kwa siku. Ambaye hajahasiwa zidisha kwa 1.8. Msikate vipimo kwa nusu kwa sababu mbwa ana nusu ya uzito: wa kilo 15 anahitaji karibu asilimia 60 ya chakula cha wa kilo 30.

Kwa siku moja, vyote vipimwe kabla ya kupikwa:

sembe gramu 180
nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo gramu 250
dagaa wakavu gramu 40
maini gramu 30, yasizidi hapo, kwa sababu vitamini A hujilimbikiza mwilini
karoti, boga au mchicha gramu 100
mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chakula, yawekwe baada ya kuepua
unga wa maganda ya mayai nusu kijiko cha chai
chumvi yenye madini joto, kwa ncha ya kisu tu

Hicho cha maganda ndicho wengi wanachoruka. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna, na ugali hausaidii. Mwili ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa. Kijiko cha chai kilichojaa unga wa maganda kina kalsiamu kama gramu 2. Hapa nusu inatosha kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yao. Siku isiyo na dagaa, ongeza nyama na uweke kijiko kizima. Osha maganda, yachemshe dakika 10, yaanike yakauke kabisa, saga, kisha pitisha kwenye chujio la chai. Yakibaki chengachenga yanatoka kwenye choo kama yalivyoingia.

Hata hivyo mlo huu bado una upungufu wa zinki, vitamini E na pengine vitamini D, ambayo mbwa hatengenezi ya kutosha kwa jua kama sisi. Muulize daktari unga wa vitamini na madini uliotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Ule wa kuku au ng'ombe uache dukani, vipimo vyake ni vya mnyama mwingine.

Kirinyaga_K9
Naongezea upande wa jikoni.

Omena, yaani dagaa, wa ziwani mara nyingi huanikwa juu ya mchanga. Waloweke kwa maji ya uvuguvugu, wasugue kwa mikono, umwage, urudie hadi maji yatoke safi, kisha uchemshe dakika 10. Wa baharini wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kukaushwa, kwa hivyo waloweke kwa muda mrefu zaidi, umwage hayo maji, na usitie chumvi nyingine kwa chakula.

Ugali wa mbwa usiwe wa kukata kwa kisu. Upike kama uji mzito, gramu 180 za unga kwa maji karibu nusu lita na robo, moto mdogo, dakika 20 na kuendelea. Wanga usioiva ndio huleta gesi na hicho choo laini. Nyama pika kando, supu yake ndiyo uisongee ugali.

Unga ukinuka uvundo au mahindi yakiwa na ukungu, usimpe mbwa kwa kusema "si ni mbwa tu". Mbwa huathirika haraka sana na aflatoksini, sumu ya ukungu huo, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa huku kwetu Kenya, wengi wao Ukambani, kwa mahindi ya aina hiyo. Kwenye nafaka sumu hukaa zaidi kwa ganda na kiini, kwa hivyo hiyo pumba ya bei chee ina hatari mara mbili. Mbwa akikataa chakula, akatapika, na weupe wa macho ukageuka manjano, usingoje kesho.

Na kwa walio karibu na mashamba ya makadamia: akiokota chache tu miguu ya nyuma hulegea na mwili kutetemeka. Huwa inapita kwa siku moja au mbili, lakini inatisha.

Lango_Jeusi
Nashukuru sana. Maswali matatu: mapafu yanaweza kushika nafasi ya nyama? Mifupa ya supu je? Na kuna kitoto cha miezi 3 kinakuja wiki ijayo, aina hiyo hiyo. Nimpe chungu kimoja na mkubwa?

DaktariWaKijiwe
Mapafu yanafaa kwa nusu ya nyama, si yote. Protini yake ni hafifu kuliko ya mnofu na mafuta ni machache. Yakate vipande vidogo na uchemshe nusu saa kuanzia maji yanapotokota. Sababu ni tegu: mapafu na maini ya mbuzi, kondoo au ng'ombe huweza kuwa na vifuko vya maji, mbwa akivila vibichi anapata minyoo, na mayai ya kwenye kinyesi chake yakimwingia mtu huota vifuko vile vile kwenye ini au mapafu. Turkana na Umasaini ugonjwa huu unajulikana sana. Ukiviona vifuko usimpe, choma au zika kwa kina. Dawa ya minyoo iwe na prazikwanteli, siyo albendazo peke yake.

Mifupa ya supu, hapana. Ukishachemshwa, mfupa hupasuka kwa ncha kali na kutoboa utumbo. Miguu ya kuku inawezekana ukiitia kwenye sufuria ya presha hadi mfupa ubonyee kati ya vidole, na siku hiyo usiweke maganda ya mayai.

Mgawie mkubwa mara mbili, asubuhi na jioni, asikimbizwe saa moja baada ya kula. Mbwa wenye kifua kirefu kama huyu tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda. Ukiona limevimba, anahangaika, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, huna usiku wa kusubiri. Chakula kipya kiingize taratibu kwa siku 7 hadi 10. Kilichopikwa kinakaa kwenye friji siku 3. Kwa joto la Dar, cha mezani kikikaa zaidi ya muda wa saa 2 mwaga.

Kitoto kisile chungu hiki. Anayekua anahitaji kalsiamu angalau gramu 3 kwa kila kilokalori 1,000, lakini kwa mbwa wa aina kubwa isipite gramu 4.5, kwani nyingi nayo huharibu mifupa na viungo. Nafasi ni finyu, kijiko cha jikoni hakiwezi kuilenga. Mnunulie chakula cha mfuko cha watoto wa mbwa wa aina kubwa hadi afikishe karibu mwaka na miezi mitatu, huyo mkubwa ndiye umpikie. Na akiwa kwenye mfuko, usimchome sindano wala kumpa sharubati ya kalsiamu, hata muuza dawa akisisitiza.