Kelele ya S8 mchana kutwa katika bendi ya mita 40: naomba ushauri

Mgeni wa Bendi

Wakuu, naomba msaada wenu. Ninaishi Kigamboni, Dar es Salaam, na ninasikiliza redio ya ridhaa kwa antena ya daipoli (waya uliogawanywa katikati, kebo ikiungwa hapo) yenye urefu wa mita 20, niliyoifunga kati ya mnazi na kona ya nyumba. Kwa miaka miwili bendi ya mita 40, yaani masafa ya karibu megahezi 7, imekuwa tulivu, mshale wa kipimo cha nguvu za mawimbi kwenye redio (hatua zake huandikwa S1, S2 na kuendelea) ukilala kwenye S2 wakati hakuna anayezungumza. Tangu mwezi uliopita umepanda hadi S8, na mwenzangu mmoja wa Nairobi, ambaye nilikuwa nikimpata vizuri kila asubuhi karibu na megahezi 7.1, sasa namsikia kama mtu anayeongea nyuma ya mashine ya kusaga. Nikizungusha kitufe cha masafa, mvumo unapanda na kushuka, kilele kimoja kila baada ya kilohezi 60 hivi. Kikatakelele cha redio hakisaidii chochote. Nafikiria kununua antena nyingine. Je, ninunue?

Mzee wa Koili

Ndugu yangu, usitoe shilingi hata moja kwanza. Kila hatua ya S ni desibeli 6, kwa hiyo kutoka S2 hadi S8 ni desibeli 36, yaani nguvu ya kelele imeongezeka karibu mara 4,000. Antena mpya ukiitundika mahali palepale itaipokea kelele ileile, pengine kwa uaminifu zaidi.

Vilele vyako vya kila kilohezi 60 vinasema mengi. Kuna kifaa mahali fulani kinachokata na kuunga umeme mara 60,000 kwa sekunde, kama zifanyavyo chaja, taa za LED na inveta, na masalia ya ukataji huo yanajipanga bendi nzima kama meno ya kitana. Ndiyo maana kikatakelele kimeshindwa: kimetengenezwa kwa milipuko mifupi, kama ile ya plagi za pikipiki, wala si kwa mvumo usiokatika.

Anza hivi. Chomoa kebo ya antena. Kelele ikitoweka, ujue inaingia kwa antena na si kwa waya wa umeme wa redio. Kisha washa redio kwa betri ya volti 12, uzime swichi kuu ya nyumba, na usisahau vitu vyenye betri zao wenyewe, maana hivyo havijali swichi yako. Kelele ikishuka, rudisha breka moja baada ya nyingine huku mtu akikutazamia mita.

Mgeni wa Bendi

Ahsante Mzee. Nimefanya kama ulivyoelekeza. Bila antena, mshale unalala kabisa. Nilipozima swichi kuu, kelele ilishuka kutoka S8 hadi S7 tu, na mkosaji wa hatua hiyo moja ni adapta ya king'amuzi. Iliyobaki inatoka nje ya nyumba yangu. Ila nimegundua jambo ambalo sikulitaja mwanzoni: kelele huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na hukoma jua linapozama. Jumamosi lilipita wingu zito, mshale ukashuka hadi S4, kisha ukapanda tena wingu lilipoondoka.

Binti wa Mawimbi

Kaka, hapo umejijibu mwenyewe. Kifaa kinachoamka na jua na kulegea chini ya wingu ni kidhibiti chaji cha mfumo wa sola. Chukua redio ndogo ya mkononi, iweke kwenye mawimbi ya kati (AM) mahali pasipo na kituo, utembee nayo kando ya ukuta polepole. Ndani yake mna kijiti cha feraiti, aina ya kauri yenye chuma, ambacho ndicho antena yake. Ukiizungusha, sauti hufifia pale ncha ya kijiti inapoelekea kwenye chanzo. Pima sehemu mbili tofauti, na pale mistari miwili inapokutana ndipo penye nyumba unayoitafuta.

Ukiipata, usiende na lawama. Nenda na hiyo redio, umwombe jirani aisikie mwenyewe. Mtu aliyetumia fedha zake kuepuka kukatika kwa umeme hapendi kuambiwa kwamba ameharibu kitu asichokijua.

Mgeni wa Bendi

Nimerudi, wakuu. Ni nyumba ya pili, na mzee mwenyewe alifunga sola mwezi uliopita kwa ajili ya pampu ya kisima. Alipousikia mvumo kwenye redio alicheka, akamtuma kijana wake juu ya bati na blanketi mbili. Paneli zilipofunikwa, redio ilinyamaza. Zilipofunuliwa, ikaanza kuvuma. Ameniruhusu nirekebishe mradi pampu yake isiguswe. Nifanyeje?

Mlingoti wa Mianzi

Klipu za feraiti za kubana juu ya waya zinauzwa kila mahali. Bandika tano.

Mzee wa Koili

Kwa heshima, klipu ambayo waya hupita mara moja tu haifanyi kazi ya maana kwenye megahezi 7. Uzuiaji huongezeka takriban kwa kipeo cha pili cha idadi ya mizunguko ya waya kwenye feraiti: mizunguko minane huzuia kama mara 64 ya mmoja. Tafuta pete kubwa za feraiti za mchanganyiko namba 31, ambao unafaa kwa bendi zetu za chini. Pitisha waya chanya na hasi pamoja katika pete moja, kwa sababu ukipitisha mmoja peke yake, mkondo wa paneli utaishibisha feraiti na hutapata kitu. Weka pete moja upande wa paneli na nyingine upande wa betri, zote karibu kabisa na kidhibiti. Nyaya zinazoning'inia mbalimbali zisokote pamoja, kwa kuwa zikiachana zinakuwa antena kamili. Fanya kazi hiyo usiku, maana nyaya za paneli zina umeme muda wote jua linapowaka.

Kisha funga mizunguko kumi ya kebo yako ya antena kwenye pete ya tatu, karibu na kitovu cha daipoli. Ngozi ya nje ya kebo nayo huokota kelele za nyumbani.

Mgeni wa Bendi

Nimemaliza jana usiku, mzee akinishikia tochi. Leo saa nne asubuhi, jua likiwa kali, mshale umesimama S3, na king'amuzi nakichomoa ninapokaa redioni. Mwenzangu wa Nairobi nimempata, akaniuliza nilikuwa nimesafiri wapi.

Imebaki kelele nyingine ya usiku, ya mkwaruzo, ambayo hutoweka kila mvua inaponyesha. Naona inatoka upande wa nguzo ya umeme iliyo karibu na bahari. Hiyo nitaifungulia uzi wake.