RAM imeandikwa kasi ya 6000, nikiiwasha kwa 6000 kompyuta inakata, na wauzaji watatu wanarushiana mpira

Wakuu, nimechoka. Kabla hujaandika "piga Windows upya", nimeshaipiga mara mbili. Kabla hujaandika "badilisha grisi ya prosesa", joto halijawahi kuvuka nyuzi 70 hata nikiwa kwenye gemu. Soma kwanza.

Kompyuta ya mezani nimeiunga mwenyewe, vifaa vyote vipya, mwezi wa nne huu. Tatizo lake ni kukata. Haigandi, haileti skrini ya bluu, inakata kama mtu kavuta waya ukutani, halafu inajiwasha yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Na wakati wake haueleweki. Nacheza gemu zito saa nne imetulia tuli, nalifunga, nafungua kivinjari nisome habari, giza!

Ukiingia kwenye kumbukumbu za matukio za Windows unakuta ileile kila siku: Kernel-Power 41. Tafadhali, mtu asinishauri kwa namba hiyo. 41 inasema mashine imewaka bila kuzimwa vizuri kabla yake, basi. Ni kama cheti cha kifo kilichoandikwa "marehemu alifariki". BugcheckCode, namba ya kosa lililoiangusha Windows, nayo ni 0, yaani Windows hata haikupata nafasi ya kusema inakufa na nini.

Nikaanza kutoa kimoja kimoja. Pawasaplai nikaazima kwa rafiki, yenye wati nyingi kuliko yangu: ikakata siku ya tatu. Kadi ya michoro nikaing'oa, nikabaki na picha inayotoka kwenye prosesa: ikakata. Nikachomoa hata waya wa kitufe cha kurisiti, maana kitufe kibovu cha kwenye kasha kinaweza kuirisiti mashine bila wewe kukigusa: ikakata. MemTest86, programu ya kupima RAM, nikaiacha usiku kucha, raundi nne, kosa sifuri. Hiyo sifuri ndiyo iliyonimaliza. Niliiamini, nikapoteza wiki tano nikimtafuta mchawi kwingine.

Siku moja kwa hasira tu nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi yenyewe, nikazima EXPO, ile swichi inayoiwasha RAM kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi. RAM ikashuka kutoka 6000 hadi 4800. Siku 19, haijakata hata mara moja! Nikaiwasha EXPO, siku ya pili chali. Nikaizima, ikatulia. Nimerudia mchezo huo mara tatu na jibu ni lilelile.

Sasa kinachonikera ni hiki. Boksi limeandikwa 6000 kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Hakuna aliyeniambia kwamba kasi ya kawaida ya RAM ya DDR5 ya aina hii ni 4800 kwa volti 1.1, na hiyo 6000 kwa volti 1.35 ni kuikimbiza kupita kiwango. Tena anayebeba mzigo si RAM peke yake, kwa sababu kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya prosesa. Prosesa mbili za modeli moja, hii itaibeba 6000 bila jasho, ile itashindwa. Yangu, kwa maandishi ya mtengenezaji mwenyewe, imehakikishiwa 5200 tu. Nimeyakuta maandishi hayo baada ya kununua, sawa, uzembe wangu huo nakubali.

Nikairudisha RAM. Wiki mbili baadaye imerudi na kikaratasi: "imepimwa, haina kasoro". Nikauliza, mmeipima kwa kasi gani? Eti kasi ya kawaida. Yaani mtu analeta gari linalozima likifika mwendo wa 100, fundi analizungusha uani kwa 20 na kukwambia zima kabisa hili! Aliyeniuzia prosesa naye: "Umewasha EXPO? Basi dhamana haihusiki." Wa mazabodi ana wimbo mmoja, sasisha BIOS. Nimesasisha mara tatu, na kila mara mashine inaanza kujifunza RAM upya, dakika kadhaa skrini nyeusi. Mara ya kwanza nilijua nimeiua.

Kama 6000 ni bahati nasibu, waandike kwenye boksi: 4800, ukibahatika 6000. Tatizo liko wapi?

Kwa sasa nimeishusha hadi 5600, volti 1.35 hiyohiyo, leo siku ya sita. Volti ya SoC, yaani ya ile sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu, iko 1.2 na sitaki kuvuka 1.3 nikaunguza prosesa kwa sababu ya ubishi. Mwenye vijiti viwili vya 6000 kwenye prosesa iliyohakikishiwa 5200 aniambie amesimamia kasi gani, kwa volti ngapi, na imekaa siku ngapi bila kukata. Siku, si saa, maana hata yangu hukaa saa.